Mpira wa mkojo kwa kichanga: wasomaji wanauliza, nesi anajibu

Toleo lililopita niliandika kwamba kichanga chini ya siku 28 akifikisha joto la 38 au zaidi ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo, na nikataja kwa mstari mmoja tu kwamba kwa kawaida atatolewa damu, mkojo na maji ya uti wa mgongo. Huo mstari mmoja ndo umeniletea barua zote hizi. Karibu zote ni za mkojo, manake kutolewa damu watu wameshazoea, ila kusimama pembeni unaangalia mpira mwembamba wa kutoa mkojo unaingizwa kibofuni kwa mtoto wa siku kumi ni kitu kingine kabisa na wala siwashangai. Nimechagua barua sita, nimezifupisha, majina nimeyatoa.

*

Dada nesi shikamoo. Mwanangu wa kiume ana siku 12, alipata joto 38.4 usiku tukampeleka. Walijaribu kumwekea mpira wa mkojo mara tatu, mara mbili za kwanza hakikutoka kitu, ya tatu ukatoka mkojo kidogo na damu. Alilia mpaka sauti ikakauka. Sasa hivi tumesharuhusiwa, anaendelea vizuri, ananyonya, lakini kila akikojoa nasimama pale namwangalia kama anaumia. Je wamemharibu? Na kulikuwa na ulazima gani wakati vipo vile vifuko vya kubandika?

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Nikutoe hofu kwanza alafu ndo tuongee.

Mpira anaowekewa mtoto aliyezaliwa kwa muda wake mara nyingi ni saizi 5, unene wake haufiki milimita 2. Ni mwembamba kweli, lakini na njia yenyewe ya mkojo ni nyembamba, ndani ina utando laini kama wa ndani ya shavu, kwahiyo ukipitisha kitu mara tatu ndani ya nusu saa utachubuka tu, na tone moja la damu likiingia kwenye mkojo wa kijiko kimoja linaonekana kama limejaa kopo. Huo mchubuko kwa kawaida unapona wenyewe, rangi inaisha ndani ya siku moja au mbili. Kama mtoto anakojoa, ananyonya na joto halijarudi, una kila sababu ya kulala usingizi.

Endelea kumwangalia, ila ujue unaangalia nini. Kulia kidogo akikojoa siku ya kwanza hakunitishi. Kinachonitisha ni damu nyekundu inayoendelea au yenye mabonge, nepi kukaa kavu masaa mengi wakati ananyonya kama kawaida, tumbo la chini kuvimba na kuwa gumu, au homa kurudi. Hayo ni ya kurudi hospitali leo, usisubiri kesho. Alafu kuna kitu cha kuangalia hata wiki na miezi ijayo, nacho ni mkondo. Mtoto wa kiume mkojo wake unaruka, wengine unawafikia usoni. Ukiona unadondoka matone matone, au anajikamua mpaka anakuwa mwekundu ndo utoke, mpeleke, manake njia ikiumizwa sana inaweza kuweka kovu na kovu likaibana. Haitokei mara kwa mara, na inatokea zaidi pale mtu alipotumia nguvu, lakini mama anayeujua mkondo wa mtoto wake anaigundua mapema kuliko daktari yeyote.

Sasa ulazima. Kifuko cha kubandika kinaonekana kitu cha huruma, hakichomi wala hakiingii popote, tatizo ni kwamba mkojo unapita kwenye ngozi, unazunguka mle ndani na jasho na mabaki ya kinyesi, na vijidudu vinavyokaa kwenye kinyesi ndo haohao wanaoleta UTI, yaani uambukizo wa njia ya mkojo. Maabara haiwezi kujua huyu katoka kwenye kibofu au katoka kwenye paja. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kwenye mwongozo wao wa 2011 walipiga hesabu moja ambayo mimi nawaambia wazazi wote. Chukua watoto 100 wenye homa, tuseme 5 ndo wana UTI kweli. Wabandike wote kifuko, mkojo upelekwe kuoteshwa, yaani maabara waone kama kuna vijidudu vitakavyoota humo. Wale 5 utaota, sawa. Lakini kwenye wale 95 wasio na UTI, kama 35 hivi na wao utaota kwa sababu ya uchafu wa ngozi tu. Kwahiyo una watoto 40 wanaoambiwa wana UTI na 35 kati yao hawana. Asilimia 88 ya majibu ya "ndiyo" ni uongo. Wao walikuwa wanaongelea watoto wa miezi 2 mpaka 24, ila ngozi ya kichanga na nepi ya kichanga hazina tofauti kwenye hilo.

Na usidhani uongo huo hauna madhara. Mtoto anachomwa dawa siku kadhaa kwenye mshipa, anapigwa picha za figo, na kibaya zaidi kama homa ilikuwa inatoka sehemu nyingine watu wanaacha kuitafuta kwa vile wameshapata jibu. Ndo maana kwa kichanga mwenye homa, mkojo unaotakiwa ni ule unaotoka kibofuni moja kwa moja. Kifuko kina faida upande mmoja tu, mkojo wake ukipimwa ukakutwa msafi kabisa hiyo inasaidia kusema hakuna, lakini "hakuna" hiyo inatumika zaidi kwa watoto wakubwa kidogo. Kwa kichanga mwenye 38.4 mimi siwezi kuitegemea.

Kwahiyo mpira ulikuwa sahihi. Ambacho sikubaliani nacho ni mara tatu.

Mimi mwenyewe miaka ya mwanzo kazini nilimwekea mpira binti wa siku 9, ni usiku, mama yake kasimama pembeni mkono mdomoni. Nikaingiza, kavu. Nikatoa, nikachukua mwingine, nikaingiza, kavu. Akaja dada mkubwa wa zamu, hakusema neno, akaiokota ile nepi niliyomvua mtoto akaniwekea mkononi. Ilikuwa nzito na bado ina joto. Mtoto alikuwa amekojoa dakika chache kabla sijafika, kibofu hakina kitu, na mimi nimemuumiza mara mbili kutafuta mkojo ambao nilikuwa nimeuweka pembeni kwenye nepi. Toka usiku ule sigusi mpira kabla sijashika nepi.

Mara mbili kavu kwa mwanao, nina mashaka ilikuwa hivyohivyo. Siku nyingine, Mungu aepushe, uliza kabla hawajaanza: amekojoa saa ngapi mara ya mwisho? Kama ni sasa hivi na hali yake inaruhusu, mnyonyeshe, msubiri nusu saa au zaidi. Kama ipo ultrasaundi ya kitandani inaonyesha ndani ya sekunde chache kama kibofu kina kitu. Nasema kama hali inaruhusu manake mtoto akiwa amelegea, hanyonyi, anapumua vibaya, dawa hazisubiri mkojo, na hapo wataalamu wakiharakisha waache waharakishe.

*

Habari dada. Mimi ni baba wa mtoto wa kike wa wiki tatu. Daktari alisema anataka kutoa mkojo kwa sindano kupitia tumboni. Nikakataa katakata, nikasaini karatasi. Wakabandika kifuko, kikakaa kama masaa mawili, dawa zikaanza, majibu yakaja yanasema vijidudu vya aina tatu, eti mchanganyiko. Akatibiwa kama mwenye UTI mpaka mwisho wa dozi. Mpaka leo mama yake ananilaumu. Nilikosea?

Kaka, ukisikia neno sindano na neno tumbo la mtoto wa wiki tatu kwenye sentensi moja halafu hakuna aliyekaa chini kukueleza, karibu kila baba angekataa. Hofu yako ilikuwa halali kabisa. Uamuzi wenyewe lakini ulimgharimu mtoto, na nakuambia hivyo kwa sababu umeuliza kiume na unastahili jibu la kweli.

Hebu nikueleze kilichokuwa kinaenda kufanyika. Mimi na wewe kibofu chetu kimejificha nyuma ya mfupa wa kinena. Cha kichanga kikijaa kinapanda juu, kinakaa tumboni kabisa, chini tu ya ngozi na msuli mwembamba. Daktari anasafisha, anapima kama sentimita 1 au 2 juu ya mfupa pale katikati, anaingiza sindano nyembamba, anavuta mkojo, anatoa. Ni sekunde. Na kwa vile sindano haijagusa njia ya mkojo wala sehemu ya haja, huo ndo mkojo safi kuliko wote unaoweza kuupata kwa mtoto, kijidudu kikiota humo daktari anakichukulia kwa uzito wote.

Hatari zake zipo. Karibu kawaida mkojo utakuwa na damu kidogo isiyoonekana kwa macho, hiyo inaisha yenyewe. Damu ya kuonekana ni nadra. Nadra zaidi, sindano inaweza kugusa utumbo, damu inaweza kuvilia kwenye ukuta wa kibofu, au usaha ukajitunga pale ilipopita. Nyingi ya hizo zinatokea pale kibofu kilipokuwa kitupu, manake kikiwa kitupu kinashuka na utumbo unakuja kukaa mahali pake, mtu anachoma akidhani anachoma kibofu. Ndo sababu mwongozo wa Uingereza unasema itumike ultrasaundi kwanza kuhakikisha mkojo upo, ndipo sindano iingie. Na wako watoto wasiotakiwa kuchomwa hivyo kabisa: mwenye tatizo la damu kutoganda au chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda) zimeshuka, mwenye tumbo lililovimba, mwenye vidonda au uambukizo kwenye ngozi ya pale, au aliyezaliwa na kasoro ya maumbile sehemu hizo.

Alafu kuna maumivu. Tafiti zilizolinganisha zimeonyesha sindano ya tumboni inauma zaidi kuliko mpira, kwahiyo ungesema "daktari naomba tutumie mpira badala ya sindano" ungekuwa na hoja nzuri tu na wengi wangekubali. Hilo ndo ningetaka baba mwingine anayesoma hapa alijue, kwamba kati ya kusema ndiyo na kusema sitaki kuna nafasi kubwa ya kuuliza. Kuna njia nyingine ya kupata mkojo msafi? Mtaangalia na ultrasaundi? Nani anafanya? Mtampunguzia vipi maumivu? Daktari anayejua kazi yake hakasiriki kwa maswali hayo.

Kilichotokea kwenu, "mchanganyiko" wa aina tatu maana yake maabara imekuambia kwa adabu kwamba hicho walicholetewa ni mkojo pamoja na ngozi na nepi. UTI ya kweli kwa kawaida ni kijidudu cha aina moja, mara nyingi E. coli. Na kwa vile dawa zilishaingia mwilini, kurudia kipimo baadaye hakusaidii, antibayotiki inasafisha mkojo haraka sana. Kwahiyo hakuna mtu sasa anayeweza kukuambia binti yako alikuwa na UTI au hakuwa nayo, daktari alimtibu ili asikose, na alifanya sawa.

Cha kufanya: muulize daktari wake kama apigwe ultrasaundi ya figo, ile haina sindano wala mpira, ni kupakwa jeli tu. Na akipata homa tena isiyo na sababu ya kueleweka, mkifika tu semeni kwamba mara ya kwanza mkojo haukueleweka, ili safari hii uchukuliwe vizuri kabla ya dozi ya kwanza. Mama yake mwambie nimemsikia, lakini lawama zitoke sasa, mtoto ni wenu wote.

*

Mwanangu, mimi ni bibi. Mjukuu wangu alitakiwa mkojo, kwa nini wasiweke tu pamba kwenye nepi kisha waikamue? Sisi tuliona wakifanya hivyo.

Shikamoo bibi. Pamba inanyonya mkojo, inanyonya na vilivyoko kwenye nepi, na nyuzi zake zinaingia kwenye sampuli zinavuruga kuangalia kwa hadubini. Mwongozo wa Uingereza umekataza wazi pamba, shashi na taulo za kike kwa kazi hii. Viko vipedi maalumu vilivyotengenezwa kukusanya mkojo wa mtoto, hivyo vina nafuu, ila kwa kichanga mwenye homa navyo havifikii mpira. Kama ni kuangalia tu sukari au kitu kingine kisichohusu vijidudu, hiyo ni habari tofauti bibi yangu.

*

Madam, mimi ni mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa mwisho. Nilipo kwa mafunzo mipira midogo ya mkojo ikiisha wanatumia mirija ya kulishia ile ya kupitisha puani. Ni sawa? Na naogopa sana kumuumiza mtoto, naomba mbinu.

Uoga huo utunze, utakufanya nesi mzuri.

Mrija wa kulishia watu wanautumia sehemu nyingi duniani, siwezi kujifanya sijui, lakini ulitengenezwa kwenda tumboni. Ni mrefu na ni laini, ukiusukuma kupita kiasi ndani ya kibofu kidogo kama kile unajikunja, unajizungusha, na ukiuvuta kutoka unajifunga fundo. Visa vya namna hiyo vimeandikwa vingi, mtoto ameletwa kutolewa mkojo akaishia chumba cha upasuaji kwa sababu ya fundo. Kinga yake ni kitu kimoja tu: ukiona mkojo, simama. Usiongeze sentimita nyingine tatu "ili ukae vizuri", haukai popote huo, unachukua sampuli unatoka. Na ukivuta ukasikia umegoma, acha. Usivute. Ita daktari, picha itaonyesha kuna nini.

Mtoto wa kike shida ni kuona. Tundu la mkojo ni dogo mno na liko juu tu ya uke, siku za kwanza sehemu zote hizo zimevimba kwa homoni za mama, kwahiyo taa iwe nzuri na mtu wa pili amshike miguu kwa upole. Mpira ukiingia ukeni usiutoe, uache hapohapo uwe alama yako, chukua mwingine mpya usiotumika ulenge juu yake. Wengi wanautoa wanaurudisha uleule, hapo ndo unamwingizia vijidudu kibofuni kwa mkono wako mwenyewe, na mtoto aliyekuja hana UTI anaondoka nayo.

Wa kiume, govi. Govi la kichanga limeshikana na kichwa cha uume, ndivyo alivyoumbwa, halivutwi kwa nguvu. Vuta taratibu sana mpaka uone tundu tu, kama huoni tundu lote basi ona nusu, na ukimaliza lirudishe mahali pake, likiachwa nyuma linavimba na kumkaba. Inua uume wima, mpira upakwe jeli, peleka polepole. Karibu na kibofu utakuta kizuizi, pale ni msuli unaofunga, mtoto akilia unafunga zaidi. Usisukume. Shikilia hapohapo kwa mkono mtulivu, subiri apumue, utaachia wenyewe. Anayesukuma pale ndo anatoboa njia ya uongo na ndo kovu ninalomwambia yule mama hapo juu aliangalie.

Matone ya kwanza yaache yamwagike, kusanya yanayofuata. Sampuli ifike maabara ndani ya saa 1, ikishindikana ikae kwenye friji isizidi masaa 4, manake mkojo uliokaa mezani unaotesha vijidudu wenyewe na kazi yote uliyomfanyia mtoto imepotea. Na mimi sheria yangu ni majaribio mawili, la tatu namwita mwenzangu mwenye mkono mzuri kuliko wangu.

Kuhusu maumivu, usikubali mtu akuambie kichanga hasikii. Mpaka miaka ya 1980 kulikuwa na madaktari walioamini hivyo hivyo, mpaka watoto walipasuliwa kwa dawa za usingizi kidogo sana. Tunajua sasa kwamba anasikia, na njiti anasikia zaidi. Maji ya sukari maalumu ya hospitali ya asilimia 24, matone machache ulimini dakika mbili kabla, yanapunguza kilio kwa kweli. Titi la mama linafanya kazi hiyohiyo, na kulazwa kifuani ngozi kwa ngozi kabla na baada. Mwache mama akae, usimtoe nje, mikono yake ndo dawa ya kwanza pale. (Wazazi mnaosoma: hayo maji ya sukari msitengeneze nyumbani tafadhali, kipimo chake na usafi wake ni vya hospitali.)

*

Dada, mwanangu njiti wa wiki 30, yuko chumba cha watoto mahututi, ana mpira wa mkojo siku ya tano sasa na hakuna anayeniambia utatoka lini. Pia siku ya pili niliona doa la rangi ya matofali kwenye nepi, ilikuwa damu?

Pole mama, siku tano mle ndani ni kama mwezi.

Doa kwanza: rangi ya matofali au pinki siku za mwanzo mara nyingi ni chumvichumvi za yureti, mkojo ukiwa mzito kabla maziwa hayajashuka vizuri. Linakaa juu ya nepi kama poda. Kama linaendelea baada ya siku kadhaa au ni jekundu kweli, waonyeshe nepi yenyewe, usiielezee tu.

Mpira sasa. Mpira unaobaki ndani una hatari tofauti na wa kuingiza na kutoa. Kila siku inayoongezeka nafasi ya vijidudu kupanda kupitia kwenye mpira inaongezeka, na njiti kinga yake bado changa sana. Kwahiyo una haki ya kuuliza kila asubuhi madaktari wanapopita: leo mpira bado unahitajika kwa ajili ya nini? Jibu linaweza kuwa zuri tu. Mtoto ana shinikizo la damu la chini na wanahitaji kujua mkojo wa kila saa, au ni wa kiume ana kizuizi kwenye njia ya mkojo na ule mpira ndo unaziokoa figo zake, hapo hautolewi hata kidogo. Lakini kama jibu ni "tunapima mkojo tu" na hali yake imetulia, nepi inaweza kufanya kazi hiyo. Inapimwa kavu, inapimwa ikiwa imelowa, gramu 1 iliyozidi ni kama mililita 1 ya mkojo. Nesi anajua hesabu hiyo vizuri, saa ingine ni kukumbushana tu, chumba chenyewe kimejaa na mikono ni michache.

Ukiwa pale angalia mfuko wa mkojo ukae chini kuliko mtoto ila usiguse sakafu, na mpira usikunjike wala usivutwe anapogeuzwa. Hayo mzazi anaona kabla ya mtu yeyote.

*

Dada nesi, wangu ana wiki nne, hana homa, ananyonya vizuri. Figo moja ilionekana imepanuka kidogo kwenye ultrasaundi ya mimba, sasa wanataka mkojo wa kuangalia tu. Lazima mpira? Naomba kama kuna namna nyingine.

Ipo, na kwa mtoto mzima asiye na haraka kama wako ndo ningeanzia hapo, nafikiri hata daktari wako atafurahi ukiomba. Mkojo unadakwa hewani. Watu wanacheka wakisikia, lakini mwongozo wa Uingereza unaiweka njia hiyo ya kwanza kabisa, na mwaka 2013 madaktari wa Hispania walichapisha namna ya kumshawishi kichanga akojoe, wakaijaribu kwa watoto 80, ikafanikiwa kwa asilimia 86, na kwa wastani mkojo ulitoka baada ya sekunde 57 tu. Mimi nilipoisoma sikuamini, nikaijaribu wodini na mama mmoja siku hiyohiyo, tukalowa wote wawili kwa sababu kopo lilikuwa bado limefunikwa.

Mnahitaji watu wawili, ikiwezekana watatu. Mnyonyeshe ashibe, subiri kama dakika 25. Msafishe sehemu za siri kwa maji na sabuni laini, mkaushe, wa kiume usimvute govi. Kopo la maabara liwe limeshafunguliwa, ndani usiguse na kidole. Mtu mmoja anamshika mtoto chini ya makwapa, miguu inaning'inia. Wa pili anagongagonga kwa ncha za vidole viwili juu tu ya mfupa wa kinena, kwa wepesi, kama mapigo 100 kwa dakika, sekunde 30. Alafu anamgeukia mgongoni, sehemu ya chini ya kiuno, anasugua kwa vidole gumba kwa kuzungusha, sekunde 30. Mnarudia, kinena, kiuno, kinena, kiuno, mpaka dakika tano. Akilia mpumzisheni, mpeni titi, kulia kunakaza msuli. Mkojo ukianza acha wa kwanza upite, daka wa katikati, kopo lisiguse ngozi.

Kwa watoto wakubwa na wazito haifanyi vizuri hivyo. Kuna nyingine ya Australia ya 2017, watoto wa mwezi 1 mpaka 12, walisuguliwa chini ya kitovu kwa shashi iliyoloweshwa maji ya baridi, ndani ya dakika tano walikojoa 31 kati ya 100, wakati waliosubiriwa bila kufanyiwa kitu walikuwa 12. Ni kidogo, ila haina gharama wala jeraha.

Fanyieni hospitali ili sampuli iingie maabara moja kwa moja, na mwambie nesi aandike kwenye karatasi kwamba mkojo umedakwa, manake maabara wanasoma majibu kulingana na namna ulivyochukuliwa. Ukiota kitu cha kutia mashaka, hapo mpira mara moja, wa kuhakikisha, nitaukubali na mimi. Na dakika tano zikiisha bila tone, mvalishe, mnyonyeshe tena, mjaribu baada ya nusu saa. Hana homa huyo, muda mnao.